Ndoo Chini ya Kiyoyozi

Niliinunua Barka, kwenye kitalu cha kando ya barabara,
riyali tatu na baisa mia tano:
majani manne mafupi kama vidole vya mtoto,
yamefungwa kwa uzi juu ya kipande cha gome.
Chungu hakuna. Udongo hautaki.
Suudi akaigeuzageuza:
"Hii okidi, au kitunguu kilichofukuzwa kazi?"
Nikamjibu hicho ndicho kimo chake,
haikudumaa.

Lakini Ruwi haina huruma na kitu kibichi.
Dirishani pana mlima, jiwe tupu,
mchana kutwa unaota jua,
usiku unaturudishia joto lote, na riba.
Kiyoyozi nacho kinakausha midomo,
kimepinda mpaka mlango wa kabati.
Na maji ya bomba juzi yalikuwa bahari;
ukiyasahau kikombeni yanakumbuka,
yanaacha duara jeupe.

Nikahangaika. Tangi la samaki la Ghaniya,
aliyeolewa Sohar akaniachia kokoto na harufu,
nililaza ubavu.
Nikatia feni ya kompyuta kuukuu,
taa ya kuwasha alfajiri, kuzima magharibi.
Kipimo cha unyevu kikasema thelathini.
Nikakigonga kwa ukucha.
Thelathini.
Mizizi ikaning'inia myeupe kama chaki.

Ndipo kiyoyozi kikaanza kuvuja.
Tone, tone, nyuma ya kitanda.
Nikatega ndoo.
Maji laini, hayana ladha ya popote.
Nikainyunyizia, na mizizi ikageuka kijani mbele ya macho yangu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

Suudi akampigia fundi.
Akaja Shafiqul na ngazi begani:
"Mama, mrija umeziba. Dakika tano tu."
Nikamshika upindo wa suruali: uache uvuje.
Akaitazama ndoo, akalitazama tangi,
akacheka taratibu.
Kwao Sylhet, alisema, zinaota juu ya miti,
hakuna anayezihesabu.
Akateremka. Pesa alikataa, soda akachukua.

Usiku tuligombania rimoti,
yeye kumi na nane, mimi ishirini na sita.
Sasa ni ishirini na moja, kwa ajili yake,
maana yeye mchana hufunga milango
kama mkahawa wa Ramadhani,
hupumua sisi tukilala.
Mimi nalala na soksi.

Halafu Julai, saa nane mchana,
gharbi inavuma, umeme ukakatika.
Nikaibeba ghorofa nne kwenda chini, kanga mbichi juu yake,
nikaiweka gari, kiti cha mbele,
nikaifunga mkanda.
Saa mbili nzima injini inanguruma pale pale,
mlinzi anapita, anarudi, anapita tena,
haulizi.
Mafuta ya riyali mbili kwa mmea wa riyali tatu!
Sikumwambia Suudi. Hesabu zake nazijua.

Mwaka wa tatu, mwezi wa pili,
kikachomoza kitu kama mkia wa mjusi mchanga.
Nikanyamaza. Kitu kama hicho hakitangazwi.
Wiki sita.

Kisha usiku mmoja Suudi akazungumza gizani:
"Nani anafukiza udi saa hizi?"
Hakuna.
"Basi asmini?"
Asmini ya wapi, ghorofa ya nne?
Akaamka pekupeku, akatafuta miwani,
akamulika kwa simu.
Ua moja, jeupe, kama ukucha wa kidole changu cha mwisho,
nyuma lina mrija mrefu kuliko lenyewe.
Akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
"Dogo," alisema.
Akakaa vile vile, ameinama, muda mrefu,
na kile kiuno chake kibovu.

Nikadhani anarudi kulala.
Nikasikia anaburuta ndoo iliyojaa,
halafu, chini ya tone,
anaweka nyingine.